Siku Nilipoacha Kumtukana Mtani Wangu

Majina yao wote ninayo kichwani. La mwenye mbwa, la mke wake, la kila aliyekaa kwenye benchi la baraza siku ile, la konda wa basi la kutoka Iringa, hata la mbwa mwenyewe, ambaye walimpa jina la mchezaji mpira wa Ulaya. Mimi husahau miwani, husahau nimeweka wapi kisu, lakini jina la mtu halinitoki. Hapa sitayaandika. Bado tunaishi mtaa mmoja, maji yakikatika tunapanga ndoo kwenye bomba moja, na mtu akishajirekebisha si vizuri aendelee kusomwa alivyokuwa kabla.

Ila habari yenyewe nitaisema yote.

Mimi ni Mhehe. Nilizaliwa Iringa, nikaolewa Mbeya na Msafwa aliyekuwa akifanya kazi ya reli. Alipofariki nilibaki na nyumba, ng'ombe mmoja wa maziwa, na njia yangu. Nasema njia yangu kwa sababu niliitembea mwenyewe kila asubuhi. Nakamua, nachuja, najaza vidumu viwili, nashuka navyo kutoka kwetu juu karibu na mlima mpaka kwa wateja wangu kule chini kwenye lami. Mwezi wa sita ukungu wa Mbeya unalala barabarani na hauna haraka ya kuamka. Vidole vinauma kwa baridi, lakini kidumu kina joto la ng'ombe, nakikumbatia kifuani na ninaimba nyimbo za kanisani. Kila mteja nilijua anaamka saa gani, nani anataka maziwa ya mtoto, nani anajifanya yupo safarini kwa sababu ana deni.

Katikati ya njia hiyo ndipo ilipo nyumba ya mtani wangu.

Kwa asiyejua, Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane. Mngoni naweza kumwita mkimbizi, mwizi wa ng'ombe, naye ananiita mla mbwa, na hakuna anayekasirika. Kukasirika ndilo kosa. Mtani wangu huyu alikuja Mbeya akiwa kijana kutoka Songea, akafungua duka la mbegu na mbolea, akajenga nyumba yenye geti. Miaka yote alinisalimia hivi:

"Mla mbwa, umeamka?"

"Nimeamka, mkimbizi. Bado unakimbia?"

"Nimesimama kupumzika tu. Waambie ndugu zako wasipite hapa, nina mbwa mnono."

"Mnono wa wapi? Humpi hata mfupa. Huyo hata ukimtia kwenye chungu hatoi tone la mafuta."

Wapita njia walikuwa wanacheka kabla hawajatusikia vizuri. Chungu hicho cha mbwa mimi sijawahi kukiona maishani mwangu. Kwa mama yangu tulikula ugali na kunde. Lakini utani ni utani. Na siku ya kumzika mume wangu, mtani huyu aliingia kaburini na suti yake, akalala chali, akasema udongo wa Mbeya ni baridi, hawezi kumwachia rafiki yake bila kuujaribu kwanza. Akasema hatoki mpaka tumlipe. Nilicheka na machozi yananichuruzika kidevuni. Kama si yeye, siku ile ningeanguka. Naliweka hili mapema, ili msomaji asidhani nilikuwa na chuki naye.

Asubuhi ya tukio gari la duka lake lilikuwa limetoka, geti likaachwa wazi. Mbwa hakubweka. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo, kwamba hakubweka. Nilisikia kucha kwenye changarawe, kisha uzito mgongoni. Nilianguka kifudifudi. Alishika sweta na kitenge kwa pamoja akanitikisa kama ninavyokung'uta mkeka. Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni. Kidumu kimoja kilikuwa kinamwagika karibu na sikio langu, nasikia maziwa yanakwenda. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikuja. Kilichokuja ni mkojo.

Waliokuwepo walimrushia mawe: mama anayeuza vitumbua pale kona, dereva mmoja wa bodaboda, na mwalimu aliyekuwa anawahi shuleni. Mbwa akaniachia, akarudi ndani ya geti taratibu, kama aliyemaliza kazi.

Mtani wangu akatoka na kandambili, taulo begani, povu la dawa ya meno mdomoni. Akaniona chini. Akaona watu. Akaona ninapumua. Ndipo akasema kile ambacho mdomo wake ulikuwa umezoea kusema:

"Mla mbwa! Yaani ulitaka kumla mbichi?"

Watu wakaangua kicheko, kile cha kushukuru kwamba mtu hajafa. Na mimi, nimekaa kwenye maziwa na mkojo wangu, nikajibu:

"Nilikuwa naonja tu. Hana chumvi."

Nikacheka. Meno yalikuwa yanagongana, lakini nilicheka, kwa sababu mtani akikutupia neno lazima umrudishie, hata kama roho iko kooni. Kicheko hicho kilikuja kunitesa kuliko meno ya mbwa.

Mwilini nilipata mikwaruzo ya bega, basi. Nilichomwa sindano za kichaa cha mbwa, na sindano hizo alilipia yeye, sikatai. Kwake mambo yakawa yameisha. Kila aliyekuja kunipa pole alianza na pole akamalizia na mzaha. "Bibi, kumbe siku hizi mbwa wanawalipizia kisasi!" Wanacheka, wanakunywa chai yangu, wanaondoka.

Wakiondoka nabaki na mwili ambao haukuwa wangu tena.

Wa kwanza kuligundua alikuwa ng'ombe. Nilimlea tangu ndama, aliijua mikono yangu kuliko watoto wangu wanavyoijua. Nikachuchumaa, nikaweka mkono kwenye kiwele, mkono ukatetemeka. Akageuza shingo kunitazama, halafu akabana maziwa. Nilimwimbia, nikampaka mafuta, nikamwongezea pumba. Akabana. Binadamu unaweza kumchekea ukamficha kilicho ndani. Ng'ombe anakuuliza mkono tu, na mkono wangu ulikuwa unasema ukweli. Kiasi alichokubali kutoa hakikujaza hata kidumu kimoja.

Hicho kidogo nikajaribu kukipeleka. Nilifika kona ya vitumbua miguu ikagoma. Siyo kwamba niliamua kusimama. Iligoma yenyewe. Nikazunguka kwa njia ya bondeni, inapanda na kushuka, nikafika kwa wateja jua limeshatoka. "Bibi, tumeshakunywa chai ya rangi," wananiambia. Wakaanza kununua ya pakiti. Mtoto akikimbia nyuma yangu na viatu vyake, tayari nimelowa. Nikawa natoka na kanga mbili, kisha nikaacha kutoka. Kanisani niliacha kukaa mbele, nikakaa karibu na mlango, kisha mlangoni penyewe nikaacha kufika.

Siku ya sindano ya mwisho, muuguzi mmoja hospitalini aliniona ninavyorukaruka kila mlango ukifungwa. Akanivuta pembeni.

"Bibi, unalala?"

"Nalala kama kuku wa mgeni. Jicho moja."

"Chakula?"

"Kinapita wapi?"

Hakucheka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, halafu akasema, "Bibi, wewe una kidonda."

"Kimepona hicho, angalia bega."

"Siyo cha bega. Akili yako imeng'atwa. Inatibika, lakini siyo kwa siku moja. Itabidi uwe unakuja tunazungumza."

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini neno hilo liliniingia moja kwa moja. Nikamuuliza, "Na mwenye mbwa analipa?"

Akatabasamu. "Hilo sasa ni la baraza, Bibi."

Basi nikaenda baraza.

Baraza letu la kata linakaa kwenye chumba chenye benchi refu na dirisha moja lisilofunga. Wajumbe ni watu wazima wenzangu, tumezikana, tumechangiana harusi. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole:

"Mama, unadai nini?"

"Fidia."

"Ya jeraha?"

"Ya woga."

Mjumbe mmoja, mzee wa Kinyakyusa mwenye tumbo na roho nzuri, akavua miwani akajifuta macho. "Mwe! Mhehe anadai fidia kwa kumwogopa mbwa! Jamani, si mbwa ndiye angefungua shauri?"

Benchi lote likatikisika. Hata karani alicheka, binti wa watu, akajificha nyuma ya faili.

Mtani wangu akasimama, amevaa vizuri, amenyoa. Hakuwa na ubaya usoni. "Waheshimiwa, mimi na huyu ni watani. Jambo hili tulilimaliza palepale barabarani. Alisema mbwa wangu hana chumvi. Muulizeni kama hakusema."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ulisema, mama?"

"Nilisema."

"Na ulicheka?"

"Nilicheka."

"Sasa mama yangu, umecheka mwenyewe, sisi tukulipishie nini?"

"Nilicheka kwa sababu ni mtani. Angekuwa jirani tu, ningelia. Nyinyi mnataka kunifunga kwa adabu yangu?"

Walinitazama kama wanavyomtazama mtu aliyekosea wimbo. Wakashauri twende tukayamalize kiutani, mtani aniletee kuku, yaishe.

Akaleta kweli. Jogoo mwekundu, amemfunga shingoni mkanda wa mbwa wenye njuga. "Pokea mboga, mla mbwa. Huyu angalau ana chumvi." Kusikia njuga za mkanda ule zikilia mlangoni kwangu, niliona giza. Nilishika fremu ya mlango nisianguke. Nikamwambia arudi na jogoo wake, nikafunga. Nikamsikia nje anasema na mke wake, "Mtani amechoka leo."

Mwanangu aliye Iringa akasikia. "Mama, njoo upumzike huku. Achana na baraza, watu wanatupigia simu wanacheka." Nikaenda, siyo kupumzika, ila nilitaka kuona kama kwetu nako watacheka.

Basi lilisimama Chimala. Abiria wakashuka kununua mchele na kujisaidia. Nami nilikuwa nimebanwa na mkojo tangu tulipotoka Mbeya. Nikafika mlangoni, nikaona chini kuna mbwa wawili wanagombea maganda. Nikarudi kitini. Nilikaa hivyo nimebana mpaka Makambako, nauma kitambaa, mama mzima mwenye vitukuu, na wakati wote nasikia kicheko cha lile benchi.

Iringa walicheka. Mdogo wangu wa kiume, ambaye naye sasa ni mzee mwenye fimbo, alinipokea na kamwene zake zote, salamu ya kwetu, akanikalisha karibu na jiko la mkaa, kisha akaanza.

"Dada, ni kweli unataka kwenda mbele ya Wangoni useme umeogopa mbwa? Sisi? Utatembeaje Iringa hii?"

"Kwa miguu, ikikubali."

"Mhehe hasemi ameogopa."

Nikamwangalia. "Baba alikuwa kabila gani?"

"Unauliza nini sasa?"

"Nauliza. Baba alikuwa kabila gani?"

Alikuwa ameshajua ninakokwenda. Baba yetu alikamatwa na chui kwenye zizi la mbuzi, kabla mimi sijaolewa. Chui alimpasua mkono, mkono ukapona, akalima nao miaka mingi. Lakini baba tangu siku ile hakuwahi kulala bila moto. Hata joto la mwezi wa kumi na moja, moto. Na zizini hakuingia tena peke yake. Majirani walipeana zamu, wanaume wazima, wanakuja jioni wanaingia naye zizini, mmoja mbele, mmoja nyuma, wanahesabu naye mbuzi, wanatoka. Hakuna aliyemwambia ameogopa. Walimwambia, "Twende." Walikwenda naye mpaka siku aliyosema mwenyewe kwamba sasa anaweza.

"Unawakumbuka waliokuwa wanakuja?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Nawakumbuka sura."

Nikamtajia wote, jina la ubatizo na la ukoo. Alikuwa anachokonoa mkaa, hanitazami. Mwishowe akasema, "Alikuwa chui lakini, dada."

"Na mimi nina umri gani? Kwa mwili huu wa kizee, mbwa yule si chui?"

Asubuhi yake akanisindikiza stendi na fimbo yake, akatembea upande wa barabara wenye mbwa wa maduka.

Kurudi, Chimala, nilimwita konda. "Mwanangu, shuka na mimi."

"Bibi, choo kile pale, kinaonekana."

"Nimekiona. Shuka na mimi, simama hapo mlangoni, na mbwa akija umfukuze."

"Bibi, mimi nakata tiketi."

"Kata ukishanirudisha."

Alishuka, analalamika, abiria wanamtania kwamba amepata mchumba. Lakini alisimama pale mpaka nikatoka. Ndipo nikaelewa vizuri ninachokidai. Nilikuwa nadai kitu alichopewa baba yangu bila kuomba.

Nilirudi Mbeya nimeshaamua. Asubuhi moja nilisimama kona ya vitumbua, mahali miguu inapogoma. Mtani wangu akaniona kutoka getini.

"Mla mbwa! Wamekufukuza Iringa? Mbwa wamewaishia?"

"Habari za asubuhi, mzee," nikasema. "Familia haijambo?"

Tabasamu lake likakwama. "Aa, mtani?"

"Nawatakia siku njema."

Asiyekuwa na mtani hawezi kujua hilo lina maana gani. Heshima anapewa mkwe, anapewa padri, anapewa mgeni. Mtani ukimpa heshima umemtoa nje. Kesho yake tena, "Shikamooni hapo." Akajaribu kila kitu. Aliniita mshamba, akasema Wahehe wananuka moshi, akasema mume wangu alinioa kwa kukosa nauli ya kurudi kwao. Mengine yalikuwa mazuri kweli, nilijing'ata ulimi. "Asante, mzee. Msalimie mama."

"Niite hata mkimbizi, basi!"

"Nisingethubutu, mzee."

Mama wa vitumbua akanishika mkono. "Bibi, mnatutisha. Mbona unamheshimu hivyo? Kuna mtu amekufa?"

Yule mjumbe mwenye tumbo naye alinisimamisha njiani. "Mama, unavunja utani. Ni vibaya."

"Sijauvunja. Nimeuegesha. Ulitumika vibaya barazani, na wewe ulikuwepo."

Kisha mama mzazi wa mtani wangu akafariki. Alikuwa amemchukua kutoka Songea aje amtunze, bibi mdogo mkimya aliyependa maziwa yangu ya mgando. Msiba ukawa pale pale, nyumba yenye geti.

Nilikwenda. Mbwa alikuwa amefungiwa stoo ya nyuma, nikaambiwa, lakini miguu haikuambiwa. Wanawake wa jumuiya walinishika kwapani huku na huku, nikalivuka geti nikiwa nimefumba macho, unga wangu wa mchango kichwani. Wenzangu wakadhani namlia marehemu. Nilimlia pia.

Kwenye mtaa wetu mimi ndiye Mhehe mkubwa. Kazi ya kuchekesha msiba ule ilikuwa yangu: kuficha jembe la kuchimbia, kuiga marehemu alivyokuwa akidai chai, kulala kaburini. Vijana wetu wakanijia. "Bibi, tuanze?"

"Anayetaka aanze. Mimi nimekuja kuzika."

Hakuna aliyeanza. Nikampa mkono mfiwa. "Pole sana, mzee, kwa msiba."

Aliushika mkono wangu hakuuachia. Alilitazama kaburi, akanitazama mimi, akalitazama kaburi. Alikuwa ananingoja. Nami nilikuwa na neno tayari, zuri, mama yake mwenyewe angelicheka. Nikalimeza. Mazishi yakaenda kimya, yamepangika, kama kikao cha ofisi. Iliniuma, sitasema uongo. Lakini sikurudi nyuma, na ingekuwa leo nisingerudi.

Matanga yalipoanuliwa alikuja kwangu. Alinikuta bandani. Akakaa kwenye kigoda changu cha kukamulia, mtu mnene, magoti yamefika mabegani.

"Mama," akasema. Hajawahi kuniita mama. "Mama yangu amezikwa kama mtu asiye na watani."

"Ndiyo."

"Unataka nifanye nini?"

"Nilisema barazani. Mlikuwa mnacheka."

"Sema tena."

"Siku ile hukuwaeleza ulichokiona. Uliwaeleza nilichosema. Uliona nini?"

Alifikicha macho. Ng'ombe alikuwa anacheua.

"Nilikuona umejikojolea," akasema. "Nilikuona macho yako hayajui uko wapi. Nilidhani unakufa, na mbwa ni wangu. Nikatania ili usife."

"Hayo. Kayaseme hayo hayo, mbele ya watu wale wale."

Akasema kweli. Alisimama mbele ya benchi lile, akayasema bila kupamba, na alipofika kwenye mkojo mimi sikuinamisha kichwa. Aibu haikuwa yangu. Mjumbe mwenye tumbo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwenyekiti akauliza safari hii kwa sauti nyingine. Nikataja. Geti liwekewe springi lijifunge lenyewe. Mbwa asifunguliwe asubuhi kabla sijapita. Alipe safari zangu zote za kwenda kuzungumza na yule muuguzi, na alipe maziwa yaliyopotea mpaka wateja warudi. Hayo yote mtani aliyakubali kwa kichwa.

"Na atembee na mimi," nikasema. "Kila asubuhi, kutoka kona ya vitumbua mpaka kwenye lami. Yeye, siyo mfanyakazi wake. Mpaka nitakaposema mimi basi."

Mwenyekiti akakohoa. "Hilo la kutembea, mama, kwenye taratibu zetu halipo."

"Halipo kwa sababu hakuna aliyelidai. Mimi nalidai. Miguu yangu ilipotelea pale, na anayejua ilipopotelea ni yeye."

Nilikaa kwenye benchi. Watu wa shauri la mpaka wa shamba walikuwa wanasubiri nje, wakaanza kuchungulia. Nilikaa mpaka likaingia kwenye maandishi yao.

Basi tukaanza kutembea. Alikuja na sweta, bado ana usingizi, anabeba kidumu kimoja, anapita upande wa geti. Mbwa akibweka kule nyuma ya geti, nasimama, naye anasimama. Hasemi "twende," hasemi "hakuna kitu." Alijifunza. Zipo asubuhi nilizogeuza nikarudi nyumbani, na maziwa tukanywa wenyewe. Kesho yake namkuta yupo kona, ananunua vitumbua. Kwa yule muuguzi niliendelea kwenda. Wateja wengine walirudi, wengine wamezoea pakiti mpaka leo, shauri yao. Ng'ombe alianza kuachia kidogo kidogo, asubuhi moja anatoa, asubuhi mbili anabana, ananipima.

Njia yote hiyo nilimwita mzee, naye aliniita mama. Tulikuwa kama watu wa serikali.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu mzito. Tumelipita geti lake salama, mbwa amelala. Mara nyumba ya tatu, mbwa mwingine, wa jirani, akabweka ghafla nyuma ya ua. Nikasimama. Nikageuka kumshika mkono mwenzangu, sikumwona. Alikuwa ameshafika mbele kabisa, mzee mzima, kandambili moja imebaki barabarani, kidumu changu kifuani, mbio.

Neno likatoka lenyewe.

"Simama, mkimbizi! Unakwenda Songea na maziwa yangu?"

Alisimama. Akageuka. Akaweka kidumu chini taratibu, akashika magoti, akacheka mpaka akakohoa, na nadhani kulikuwa na machozi humo, lakini ukungu ulikuwa mwingi. Nikacheka na mimi. Safari hii meno hayakugongana.

Akarudi kuchukua kandambili. Uso ulikuwa umefunguka. Akanyanyua kidole. "Na wewe, mla..."

Nikanyanyua changu. Akakishusha chake.

"Hilo nimelifunga," nikasema. "Niite mshamba, niite mnuka moshi, sema nimeolewa kwa kukosa nauli. Hilo la mbwa halirudi."

"Mpaka lini, mtani?"

"Mpaka nizikwe. Siku hiyo ingia kaburini useme lolote, sitakusikia."

Alifikiri kidogo, akavaa kandambili yake, akakung'uta suruali. "Haya. Sasa si umeona unaweza kucheka? Kutembea si tumemaliza?"

"Nani amekuambia tumemaliza? Beba kidumu. Pita upande ule."